Dumu la Mawese na Dayodi ya Molekuli Moja

Ndani ya dumu la mawese linalouzwa sokoni Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, kuna vitu viwili ambavyo wanafizikia wameshavipitishia umeme na kuvipima: kihami na waya. Kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, ni mnyororo wa asidi ya mafuta, ule ule unaogeuzwa sabuni. Waya ni karotini, rangi nyekundu ambayo ikishika kwenye shati jeupe utafua mpaka uchoke. Vyote viwili ni molekuli, na vimepimwa na watu waliokuwa wanatafuta jibu la swali moja: je, molekuli inaweza kufanya kazi ya kipuri cha umeme, yaani waya, swichi, dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) au transista (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ikiwa peke yake?

Jibu fupi ni ndiyo, na si habari ya jana. Lakini ndiyo hiyo ina masharti mengi, na kwa maoni yangu karibu masharti yote hayatoki kwenye molekuli yenyewe. Yanatoka pale molekuli inapogusana na metali. Anayesoma habari za "kompyuta za molekuli" bila kujua hilo atadhani kila mwaka tumebakiza hatua moja tu tufike.

Tuanze na ukubwa. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una upana wa nanomita 50,000 hadi 100,000. Pete ya benzini, yenye kaboni sita, ina upana wa takriban nusu nanomita. Chipu ya kwanza ya Intel kuuzwa kama ubongo kamili wa kompyuta, ile 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Chipu ya simu ya bei mbaya leo ina zaidi ya bilioni 10. Ukisikia chipu ya "nanomita 3" usidanganyike, hilo ni jina la biashara. Umbali kutoka transista moja hadi jirani yake bado ni makumi ya nanomita. Kwa hiyo nafasi ya kushuka chini zaidi ipo. Tena molekuli ina sifa ambayo kiwanda cha silikoni, ile malighafi ya chipu, hakiwezi kuipata kwa kuchonga: molekuli mbili za aina moja zinafanana kabisa, atomu kwa atomu, na mkemia anazitengeneza matrilioni kwa mkupuo mmoja ndani ya chupa.

Sasa turudi kwenye mafuta, maana huko ndiko upimaji ulikoanzia. Mwaka 1774 ilichapishwa barua ya Benjamin Franklin akieleza jinsi alivyomwaga mafuta yasiyozidi kijiko cha chai kwenye bwawa la Clapham, London, yakatambaa mpaka karibu nusu ekari ya maji ikatulia kama kioo. Franklin hakupiga hesabu, lakini sisi tunaweza: gawanya ujazo wa kijiko kwa eneo lile, utapata unene wa takriban nanomita 2. Huo ni urefu wa molekuli moja ya mafuta. Mafuta husambaa mpaka hapo kisha hukoma, kwa sababu kichwa cha molekuli kinapenda maji na mkia wake unayakimbia, hivyo zote husimama safu moja, vichwa chini, mikia juu.

Zile rangi za upinde wa mvua zinazoonekana majini pale Kibirizi boti zikivujisha dizeli ni tabaka nene bado, mamia ya nanomita. Tabaka la molekuli moja halina rangi yoyote. Unalitambua tu kwa kuwa viwimbi vidogo vimetulia mahali hapo.

Karne moja na ushee baadaye, Agnes Pockels, mwanamke wa Ujerumani ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, alipima tabaka kama hizo jikoni kwake, na barua yake ikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Irving Langmuir akafuata, kisha Katharine Blodgett akaonyesha namna ya kuliinua tabaka kutoka majini na kulibandika kwenye kioo. Mwaka 1971, Bernhard Mann na Hans Kuhn wakachukua tabaka za asidi za mafuta, wakaziweka katikati ya metali mbili na kupitisha volti. Molekuli walizotumia ni ndugu wa asidi ya palmitiki, ile yenye kaboni 16 ambayo mawese yanayo kwa wingi.

Walichokiona ni kwamba umeme ulipita, ijapokuwa mnyororo wa mafuta ni kihami. Katika ukubwa huu elektroni haina tabia ya punje. Ni wimbi, na wimbi haliishii ghafla kwenye ukuta. Hufifia ndani ya ukuta, na ukuta ukiwa mwembamba vya kutosha, sehemu ndogo ya wimbi hutokea upande wa pili. Ndiyo maana urefu ni kila kitu. Katika minyororo ya aina hii, kila kaboni moja unayoongeza hushusha mkondo hadi karibu theluthi ya ulivyokuwa. Mnyororo wa kaboni 8 ukiurefusha hadi 16, mkondo umepungua mara elfu kadhaa, na wewe umeongeza nanomita moja tu.

Karotini ni habari nyingine. Katika mnyororo wa mafuta, kila kaboni imeshika jirani yake kwa kifungo kimoja, na elektroni zimebanwa kwenye vifungo hivyo. Katika karotini, kifungo kimoja na kifungo pacha hupishana mnyororo mzima, vifungo pacha 11 kwa mfululizo. Mpangilio huo unaziachia elektroni kadhaa zizagae toka mwisho hadi mwisho, karibu nanomita 3. Kuzagaa huko ndiko kunakoleta rangi: elektroni zilizo huru kiasi hicho hunyonya mwanga wa bluu, na macho yetu yanabaki na wekundu wa machungwa. Mtu anayeyachoma mawese mpaka yageuke meupe anakata minyororo hiyo kwa moto. Rangi inapotea, na waya nao unapotea.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitengeneza molekuli za jamii ya karotini zenye salfa kwenye ncha, maana salfa hushikana vizuri na dhahabu, wakazichomeka chache katikati ya tabaka la minyororo ya kihami juu ya dhahabu, kisha wakazigusa kwa sindano ya hadubini inayopitisha umeme. Ukinzani ulikuwa ohm bilioni kadhaa kwa molekuli moja, kiasi ambacho mita ya fundi ingekiita waya uliokatika. Lakini ukilinganisha na mnyororo wa mafuta wa urefu ule ule, karotini ilipitisha umeme zaidi ya mara milioni moja.

Mpaka hapo nimesema "wakazigusa" kana kwamba ni jambo jepesi. Sivyo.

Utashikaje kitu chenye urefu wa nanomita moja kwa ncha mbili, huku na huku, na uwe na hakika kwamba umeshika kimoja na si kumi? Njia inayotumika sana leo ilielezwa na Bingqian Xu na Nongjian Tao mwaka 2003. Msingi wake ni hadubini ya sindano ambayo Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliibuni katika maabara ya IBM mjini Zurich, wakapewa Nobel mwaka 1986. Sindano ya dhahabu hukandamizwa kwenye bamba la dhahabu lililo ndani ya maji yenye molekuli, kisha huvutwa juu polepole. Dhahabu ni laini, kwa hiyo haikatiki kwa mara moja. Inarefuka, shingo inasinyaa, mpaka inabaki atomu moja ya dhahabu katikati. Wakati huo mkondo haushuki kwa mteremko, unashuka kwa ngazi, na atomu ile ya mwisho ina ukinzani wa takriban ohm 12,900.

Namba hiyo inastahili tusimame nayo kidogo. Haitokani na uchafu wa dhahabu wala joto lake. Inatokana na wembamba wa njia yenyewe: njia inayopitisha wimbi moja tu la elektroni haiwezi kuwa na ukinzani mdogo kuliko huo, hata metali iwe safi kiasi gani. Kanuni tuliyoisoma sekondari, kwamba waya ukifupishwa ukinzani unapungua sawia, inaishia hapo.

Sindano ikiendelea kuvutwa, atomu ya mwisho inaachia. Ndani ya ufa huo mdogo molekuli iliyokuwa ikielea karibu huingia na kushika pande zote mbili, na kwenye grafu inatokea ngazi nyingine, chini sana ya ile ya dhahabu. Ngazi hiyo ndiyo molekuli. Inadumu kitambo kidogo, kisha nayo inaachia. Unarudia. Xu na Tao walirudia mara maelfu, wakapanga majibu yote kwenye chati moja na kutazama yamerundikana wapi.

Kwa nini maelfu? Kwa sababu hakuna majibu mawili yanayofanana. Molekuli zinafanana, nimeshasema, lakini mishiko haifanani. Salfa inaweza kukaa juu ya atomu moja ya dhahabu, au katikati ya atomu tatu, au kuegemea pembeni, na kila mkao una mkondo wake. Mwaka 1997 kundi la Mark Reed wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, pamoja na James Tour walipima benzini yenye salfa mbili kwa kukunja ubao mwembamba uliobandikwa waya wa dhahabu mpaka waya ukakatika. Walipata ukinzani wa takriban ohm milioni 22. Mwaka 2004 kundi la Tao lilipima molekuli ile ile kwa sindano na kupata zaidi kidogo ya ohm milioni 1. Molekuli ni moja, tofauti ni karibu mara 20, na hakuna aliyedanganya.

Mafundi simu wa hapa mjini hawashangazwi na jambo hili. Simu nyingi zinazoletwa kwao kwamba "zimekufa" zina chipu nzima kabisa. Iliyoachia ni risasi ya kuchomelea chini ya soketi ya chaji. Katika molekuli ugonjwa ni huo huo, ila huwezi kurudisha kiungo kwa pasi ya moto.

Tuje kwenye dayodi, maana ndiyo iliyoanzisha ndoto. Mwaka 1974 Arieh Aviram na Mark Ratner walichapisha wazo kwenye karatasi bila kupima chochote. Walichora molekuli yenye sehemu mbili: upande mmoja unaotoa elektroni kwa urahisi, upande wa pili unaozipokea kwa hamu, na katikati daraja la kihami linalozuia pande hizo zisichanganyike. Hesabu zao zilionyesha kwamba umeme ungepita kirahisi kuelekea upande mmoja, na kwa shida kuelekea mwingine. Dunia ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupata vyombo vya kuujaribu mchoro kama huo kwa molekuli moja moja.

Mapema mwaka huu nilikwenda kwa fundi mmoja wa redio na sola pale Mwanga kwa shughuli nyingine, nikamkuta akipima 1N4007, ile dayodi nyeusi yenye mstari mweupe iliyojaa kwenye kila chaja. Upande mmoja mita inasoma 0.6, ukigeuza waya inasoma OL, yaani hakuna njia. Nikamweleza habari ya dayodi ya molekuli moja. Akauliza swali la kifundi hasa: "Sasa mwalimu, hiyo inazuia kwa kiasi gani?"

Nikamwambia rekodi ninayoifahamu ya mwaka 2015, kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York: mkondo wa mbele ulikuwa zaidi ya mara 200 ya ule wa nyuma, kwa volti ndogo sana, chini ya 0.4.

"Mia mbili tu? Hiyo ukiifunga kwenye sola, asubuhi betri tupu."

Alitia chumvi. Paneli ya ampea 5 ingerudisha miliampea 25 usiku, na kwa saa 12 hiyo ni kama theluthi moja ya ampea-saa. Betri ya gari haiishi kwa kiasi hicho. Lakini hisia yake ni sahihi. Kwa 1N4007, karatasi ya mtengenezaji inaruhusu ampea 1 mbele na mkondo usiozidi sehemu 5 za milioni za ampea nyuma, sawa na tofauti ya mara laki mbili. Na ndani ya chipu yenye vipuri bilioni, uvujaji wa kila kimoja unajumlishwa na wa wenzake mpaka huwezi tena kujua ni swichi ipi iliyofungwa.

Kinachonivutia mimi kwenye kazi ya Columbia si ile namba. Ni njia waliyopita. Hawakutumia mchoro wa Aviram na Ratner. Molekuli yao ilikuwa sawa pande zote mbili. Walichobadilisha ni mazingira: waliizamisha kwenye kimiminika chenye chaji, na metali ya upande mmoja wakaiacha wazi kwa eneo dogo sana kuliko ya upande wa pili. Chaji za kimiminika zikajipanga tofauti kuizunguka kila metali, na molekuli isiyo na mwelekeo ikawa dayodi. Udayodi haukuwa ndani ya molekuli. Ulikuwa kwenye maungio.

Transista inasumbua zaidi. Inahitaji mguu wa tatu, lango linalosukuma au kuzuia mkondo bila kuugusa, na lango hilo linatakiwa kuwa karibu sana na molekuli. Sasa molekuli ya nanomita moja imebanwa na metali mbili ambazo kwake ni milima, zinazofunika nguvu ya lango isiifikie. Hata hivyo imewezekana: mwaka 2009 kundi la Korea Kusini na Yale lilionyesha benzini yenye salfa mbili ikitii lango, katika baridi kali. Hakuna duka litakalokuuzia kipuri kinachoishi kwenye baridi hiyo.

Kabla ya hapo uwanja huu ulipata fedheha yake. Mwaka 2001 Jan Hendrik Schön wa Bell Labs, maabara maarufu ya Marekani, alitangaza transista za tabaka la molekuli zilizofanya kazi vizuri kupita matarajio ya kila mtu. Maabara nyingine zilijaribu kurudia, zikashindwa. Kilichomfichua ni kitu kidogo: grafu za majaribio tofauti zilikuwa na kelele zile zile, vile vijitetemo vya bahati nasibu ambavyo haviwezi kujirudia. Septemba 2002 kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Malcolm Beasley ilimkuta na makosa katika tuhuma 16 kati ya 24, akafukuzwa. Kwa kazi ambayo kila kipimo kinatofautiana na mwenzake, data safi mno ilitakiwa kuwatia watu shaka mapema zaidi.

Pamoja na dhiki zote hizi, molekuli zimefunua mambo ambayo waya wa shaba hauwezi kukuonyesha. Chukua pete mbili za benzini zilizoungana. Zikilala bapa pamoja, umeme unapita vizuri. Ukizungusha moja dhidi ya mwenzake, mkondo unapungua, na zikisimama wima kwa wima unakaribia kukatika. Latha Venkataraman na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 2006 kwa molekuli saba zilizotengenezwa zikiwa na misokoto tofauti. Au chukua pete moja, uishike kwenye kona mbili zinazotazamana. Wimbi la elektroni linagawanyika, nusu huku nusu kule, linakutana likiwa na hatua sawa, linapita. Sasa hamisha mshiko kona moja tu pembeni. Njia moja ni ya vifungo viwili, nyingine vinne. Mawimbi yanakutana yakiwa kinyume na kufutana, na mkondo unaanguka vibaya. Atomu ni zile zile, pete ni ile ile. Kwa mhandisi wa umeme aliyezoea kwamba njia mbili sambamba hupitisha zaidi ya moja, hili linaudhi, na mimi nadhani ndilo jambo zuri kuliko yote katika uwanja huu mzima.

Basi kwa nini simu yako haina hata kipuri kimoja cha namna hii? Dhahabu yenyewe haitulii. Katika joto la kawaida atomu zake hutambaa, na kiungo ulichokipata kwa taabu kinaweza kuachia baada ya sekunde. Molekuli moja hupitisha mkondo mdogo, mara nyingi wa kiwango cha nanoampea. Hizo bado ni elektroni takriban bilioni 6 kwa sekunde, ila ni kidogo mno kuchaji haraka waya mrefu unaokwenda kwenye kipuri kinachofuata. Na kuziunganisha kwa wingi ni balaa. Mwaka 2007 kundi la James Heath na Fraser Stoddart lilionyesha kumbukumbu ya vijisehemu 160,000 vilivyojengwa kwa molekuli zenye pete inayoteleza juu ya kijiti. Kila kijisehemu kilitumia molekuli nyingi, si moja, na bado sehemu kubwa ya vile vilivyopimwa vilikuwa vibovu.

Silikoni haitang'olewa na molekuli, si kwa hesabu ninazoziona. Kinachoendelea ni molekuli kupewa kazi ambayo silikoni haiiwezi: kutambua molekuli nyingine. Kipuri ambacho mkondo wake unabadilika kwa kuguswa tu ni kipuri kibaya cha kompyuta, lakini ni pua nzuri. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi kuhusu chipu ya kawaida ya silikoni yenye vihisi 16,000 juu yake, kila kimoja kikiwa na daraja la molekuli ya jamii ya protini, urefu wa takriban nanomita 25, lililotandikwa kati ya metali mbili. Kitu kinachotafutwa kikija kushika katikati ya daraja, mkondo unaruka. Kikiachia, unarudi, na chipu iliyo chini inahesabu miruko hiyo papo hapo.

Metali waliyoichagua haikuwa dhahabu bali rutheni (ruthenium). Dhahabu inashikana na salfa kuliko karibu kila kitu, lakini kwa silikoni ni sumu: ikipenya ndani yake inameza chaji zinazofanya transista ifanye kazi, na viwanda vya chipu haviiruhusu ikaribie mitambo. Kwa hiyo mshiko uliotumika maabara kwa muda mrefu ulilazimika kubuniwa upya, na kemia ya ncha za daraja pia, kabla ya kiwanda kukubali hata kufungua mlango.